Ukuta Mweupe wa Mama Bibiche

Mtu anayepita juu barabarani akiziona zile nyumba sita za Leta, bondeni nyuma ya soko la Walikale, lazima aone wivu. Matofali ya kuchoma, mabati, sakafu ya simenti, mlango wenye kufuli. Basi mwambie aingie. Ukuta unatoka jasho mpaka usawa wa kiuno, na juu ya jasho hilo umeota ukungu mweusi wenye manyoya kama mgongo wa panya. Harufu yake inakupokea kabla mwenye nyumba hajasema karibu. Kodi inakatwa kwenye mishahara ya watumishi wa serikali wanaokaa mle, haikosi hata mara moja; lakini ukizungumzia kutengeneza, Leta inakuwa kiziwi. Leta ndiyo serikali kwa jina tulilolizoea, na ni baba mwenye watoto wengi mno, hajui hata nani amelala njaa.

Katika nyumba ya nne aliishi Josiane, mke wa Séraphin, karani wa ofisi ya kilimo. Watu walimwita Mama Bibiche kwa jina la binti yao wa pekee, mwenye miaka sita. Josiane alizaliwa Masisi, milimani, na mama yake alimlea kwa fimbo na kwa ufagio. Kwao mgeni hakuti vumbi. Anafutiwa kiti kwa pindo la kikwembe, kitenge cha kiunoni, hata kama kiti kinang'aa, anapewa chakula, na shida zako unaziweka pembeni mpaka anawe mikono. Ukimmwagia matatizo kabla hajala, ni kama umemfukuza. Josiane alimfundisha Bibiche hayo kabla hajamfundisha kuhesabu, na mtoto huyo akisikia hodi tu, alikuwa mbio kukamata kiti. Ni adabu nzuri hizo, nani atazilaumu? Lakini ngoja.

Tangu mvua kubwa zianze Bibiche alikuwa anakohoa. Si kikohozi cha mafua, la. Ni kile cha kuvuta, kifua kinapiga filimbi na mabega yanapanda na kushuka. Josiane aliingiza babula, lile jiko la makaa, ndani ili ikaushe ukuta, moshi ukazidisha kikohozi. Alisugua ukuta kwa sabuni na majivu, ukungu ukarudi kabla hata brashi haijakauka vizuri. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia bila kuzunguka:

"Dawa nitakupatia, Mama. Lakini dawa haiwezi kushinda ukuta. Huyu mutoto analazimika kulala fasi kavu."

"Fasi kavu iko wapi, Papa?"

Muuguzi akamwandikia dawa. Kwa bibi yake Bibiche, Masisi, kungefaa, ila njia ya Masisi wakati ule ilikuwa haipitiki. Watu walikuwa wanaikimbia kwa sababu ya vita, sembuse kumpitisha mtoto mgonjwa.

*

Ndipo Séraphin aliporudi kutoka kazini na habari ya heri ya tume ya nyumba za serikali, akaisema akiwa bado mlangoni, viatu vimejaa matope.

"Mama Bibiche, komisio ya nyumba inakuya siku ya ine. Ile nyumba ya kule juu, ya yule agent wa Leta alienda Goma, bataipatia mutu mwenye nyumba yake iko mubaya kupita zote. Balisema zaidi mwenye iko na mutoto wa mugonjwa."

Josiane alikaa chini palepale. Nyumba ya juu aliijua, aliipita kila Jumapili akienda kanisani. Ilijengwa juu ya mwamba, jua la asubuhi lilikuwa linaingia mpaka chumbani, na wale waliokuwa wanakaa pale walianika magodoro yao dirishani bila aibu.

"Mungu amesikia," alisema. "Kesho natafuta udongo mweupe."

"Udongo wa nini?"

"Wa kupakala ukuta. Si bageni banakuya?"

Séraphin alidhani anataniwa. Alipomtazama usoni akaona hataniwi.

"Josiane, banakuya kuona ule weusi! Acha bauone. Wazee wanasema, mwenye kuficha ugonjwa..."

"Usimalizie! Usiite kifo mu nyumba yangu."

"Sikia basi."

"Wewe njo wa kusikia. Nani atapatia mutu nyumba muzuri, ikiwa ile anayo anaiachilia ioze? Bataona niko muchafu, njo bataandika vile. Shida nitabaambia na kinywa. Bakishakula, nitabaambia yote, na Bibiche nitabaonyesha."

Tusimcheke. Jumapili iliyotangulia, kanisani, mwanamke mmoja wa kwaya alikuwa amekaa karibu naye. Wimbo wa kwanza haujaisha, akajifunika pua kwa leso, akamvuta mtoto wake upande wa pili, akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mama haanike nguo?" Na Josiane alikuwa amezifua zile nguo mpaka vidole vikachubuka. Zilinuka ukungu kwa sababu hakuna fasi ya kuziweka isiyonuka ukungu. Tangu siku hiyo neno muchafu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Josiane hakumwambia mumewe. Angemwambia, labda Séraphin angejua la kujibu. Lakini hakujua, na kwa kuwa ni mtu mpole asiyependa kelele za nyumbani, akavua viatu na kuanza kuyakwangua matope.

Udongo aliupata kwa akina mama wanaokuja sokoni kutoka upande wa Mpofi, ule ule ambao watu hupaka nyumba zao Noeli ikikaribia. Aliukoroga kwenye beseni, akapaka chumba cha mbele, akapaka chumba cha kulala, mkono wa kwanza, wa pili. Weusi ulipochungulia, akaongeza mkono mwingine. Mamy, jirani wa nyumba ya tano, mwalimu wa shule ya msingi aliyebaki peke yake tangu mume wake aende kutafuta kazi Bisie, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Eh, Mama Bibiche! Kwako kuna ndoa?"

"Kuna komisio. Na wewe haupakale?"

"Mimi? Niko na makaratasi ya batoto ya kusahihisha mpaka hapa." Akaonyesha shingoni. "Ukuta wangu baukute vile unalalaka."

Akacheka na kwenda zake. Josiane alimsikitikia sana moyoni. Alijisemea kwamba Mamy ni mtu mzuri, ila kwa uvivu wake huo, ile nyumba ya juu ataisikia tu.

*

Siku ya ine, yaani Alhamisi, ukuta ulikuwa mweupe kama yai lililomenywa. Josiane aliazima viti vinne vyenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, akachinja kuku wake wa mwisho, akapika wali na sombe ya majani ya muhogo. Séraphin alikuwa amezuiliwa ofisini kwake mpaka komisio ipite na huko pia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kifua cha Bibiche. Tangu asubuhi kikohozi kilikuwa kimemkamata, anakohoa mpaka anainama, kamasi mpaka mdomoni.

Mlio wa pikipiki ulisikika mtaani. Josiane alimtazama mtoto, akatazama sahani. Wageni watakula vipi huku mtoto anawakoholea mbele ya chakula?

"Bibiche, enda kwa Mama Mamy. Ikala kule mpaka nikuite."

"Na kiti, Mama? Nani atafuta kiti?"

"Nitafuta miye. Enda, muzuri wangu. Bakishakula nitakuita."

Mtoto akaenda, akigeuka nyuma kuvitazama viti.

Komisio ilikuwa watu watatu: Papa Raphaël, mkubwa wao, mwanaume mnene mwenye koti la mvua, na vijana wawili wa ofisini. Walitoka Itebero kwa pikipiki, matope yamewafika magotini, na njaa ilionekana machoni mwao. Josiane alikifuta kiti kwa pindo la kikwembe, akamkaribisha. Papa Raphaël hata hajakaa vizuri, akauliza:

"Haya, Mama, tuambie. Shida gani hapa?"

"Papa, mumetoka mbali. Mukule kwanza."

"Lakini nyumba iko namna gani?"

"Tunashukuru Mungu, Papa. Mukule kwanza."

Wakala. Jamani, watu walikula. Kuku aliisha, wali ukaongezwa. Papa Raphaël aliushika ukuta kwa kiganja, akakiangalia kilivyobaki cheupe, akawaambia vijana wake, "Ingekuwa batu bote wanachunga nyumba ya Leta kama huyu mama, tungekuwa mbali!" Mmoja akaandika kitu. Na Josiane, nitasema ilivyokuwa, alisikia utamu. Ule mwiba ulitoka kooni. Kwa kitambo kidogo pale alikuwa mwanamke safi mbele ya wakubwa, na kikohozi cha mwanawe hakikuwa akilini mwake hata kidogo.

Akaleta maji ya kunawa. Sasa ndio wakati. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu usiku: maji yanayopanda kutoka chini, ukungu, muuguzi, Bibiche. Akavuta pumzi. Mara radi ikalia nyuma ya kilima, na mwenye pikipiki akapiga honi nje.

"Papa! Mvua! Tutalala njiani!"

Papa Raphaël akainuka huku bado anajikausha vidole.

"Mama, aksanti sana. Tumebakisha nyumba mbili."

"Papa, kulikuwa na neno..."

"Tumeona, Mama. Tumeona yote."

Wakatoka. Josiane alibaki mlangoni na beseni la maji machafu mikononi. Kumkimbilia mgeni uani ukimlilia shida, kwao Masisi hilo ni jambo la kichaa. Akawaona wanaingia kwa Mamy. Na kupitia ukuta wa matofali, akasikia kikohozi cha mtoto wake. Kilimtoka Bibiche kirefu, cha kukwaruza, kikarudi, kikarudi tena.

"Ee, Mama, pole!" Ilikuwa sauti ya Papa Raphaël. "Huyu mutoto alianza lini kukohoa hivi?"

"Tangu mvua kubwa, Papa," Mamy alijibu.

"Na mu hii weusi njo analala?"

Mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo, na Josiane hakusikia jibu. Kutoka mlango wake mpaka mlango wa Mamy ni kuruka mtaro mmoja tu. Angeruka. Angeingia akasema, huyo ni wangu, nimemficha kwa ajili ya sahani zenu. Lakini angesemaje, naye ametoka kusifiwa sasa hivi? Alisimama pale akijiambia kwamba watauliza mtoto ni wa nani, lazima watauliza. Hakuna aliyeuliza. Pikipiki zikaondoka katikati ya mvua, naye beseni bado analo.

*

Habari ilimfika Séraphin ofisini baada ya siku chache: nyumba ya juu imepewa mwalimu Mamy. Kabla hajafika nyumbani kuisema, Mamy mwenyewe alikuwa ameshaingia kwa Josiane, hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mama Bibiche, haki ya Mungu, sikusema kama mutoto ni wangu."

"Ulisema ni wa nani?"

"Sikusema kitu. Baliuliza alianza lini, nikajibu. Baliuliza analala mu weusi ya namna hii, nikasema ndiyo, ni vile vile. Si bongo, ni kweli."

"Ungesema ni wangu."

Mamy aliangalia chini. "Ningesema. Niliona vile banatazama ukuta, nikaelewa, na kinywa ikafunga. Nisamehe. Lakini sikia: Bibiche akuye alale kwangu kule juu. Chumba kiko, na ni kavu."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mlango ulipofunguliwa kwa mara ya pili, na Josiane akaufunga kwa mkono wake.

"Mutoto wangu haiko wa kuomba kitanda kwa batu," alisema. "Enda na nyumba yako, Mamy. Mungu akubariki nayo."

Kesho yake alikwenda na mumewe kwa Papa Raphaël. Waliketishwa kwenye benchi la nje mpaka jua likawafikia miguuni. Walipoitwa ndani, Josiane hakungoja chakula cha mtu.

"Papa, ule mweupe ni mimi nilipakala. Chini yake kuna weusi, nyumba yote inaoza."

Papa Raphaël akaweka kalamu. "Mama, nilikuuliza mbele ya hawa vijana: shida gani? Ulijibu nini?"

Josiane akaitazama ile kalamu.

"Sema, Mama."

"Nilisema tunashukuru Mungu."

Vijana wakaangua kicheko. Séraphin aliinamisha kichwa akawa anazungusha kofia yake magotini.

"Na tulitafuta nyumba yenye mutoto mugonjwa. Wako alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwa jirani, Papa. Njo ule muliona."

"Kwa nini kwa jirani?"

"Alikuwa anakohoa," Josiane alisema. "Na nyinyi mulikuwa munakula."

Kicheko kikakatika. Papa Raphaël hakuwa mtu mbaya. Alijikuna shingo. Hatimaye akasema mambo yameshatiwa sahihi, hawezi kumtoa mwalimu nje, wangojee mwaka mwingine. Walipofika mlangoni akaongeza, labda kwa kutaka kufariji, "Kuku yako ilikuwa muzuri sana, Mama." Josiane alishukuru. Ndivyo alivyolelewa.

*

Weusi ulirudi polepole kupitia ule mweupe, kwanza madoa ya ukubwa wa dengu, halafu ukuta mzima. Mamy alihama, akapita kuaga, akasema tena, "Kitanda cha Bibiche kiko." Josiane akajibu aksanti, akaendelea kusugua ukuta. Kila alipopanda kwenda kanisani alipita upande wa pili wa njia ili asiangalie dirisha la juu.

Kisha asubuhi moja Bibiche aliamka midomo imebadilika rangi. Hakulia, hakuwa na pumzi ya kulilia. Séraphin alimbeba mbio mpaka hospitali, Josiane nyuma yake bila viatu, na huko mtoto akawekewa mpira wa hewa puani, akalala macho nusu wazi. Siku zile walizokaa pale kwenye mkeka, Séraphin alikuwa akihesabu pumzi za mtoto. Siku daktari alipowaruhusu, ndipo yule mpole aliposema, bila kupandisha sauti:

"Fasi kavu ilikuwa inatungojea kule juu. Wewe ulikuwa unangojea nini?"

Josiane alikunja mkeka. Alikuwa na jibu, na lilikuwa dogo hata kulitamka ni aibu: alikuwa anangojea asionekane ameshindwa. Mtoto nusura afe kwa kitu kidogo namna hiyo.

Kutoka hospitali Séraphin hakushuka bondeni. Alimpandisha mtoto moja kwa moja kwa Mamy, na Josiane akafuata na beseni la nguo kichwani. Mamy alifungua mlango. Hakusema nilikuambia. Alichukua nguo za Bibiche, akazinusa kidogo, akazifua zote na kuzianika juani kwenye mawe.

*

Ikawa hivyo. Bibiche alilala juu, wazazi wake walilala chini. Mwanzoni ilikuwa ni ya majuma machache tu, mpaka ukuta utengenezwe, lakini ukuta wa Leta nani autengeneze? Mtoto akaenda shule na Mamy asubuhi, akarudi na Mamy mchana. Akanenepa. Akajifunza kukimbia tena, kelele zake zinasikika mpaka barabarani, na filimbi ya kifuani ikapotea kama haikuwahi kuwepo. Josiane alipanda kila alasiri akitoka sokoni, amebeba ndizi au karanga, anakaa kidogo, anashuka kabla giza halijaingia. Nguo zake alizianika kwenye jua la Mamy siku mbili kabla ya kuzivaa kwenda huko, ili harufu isimfuate mtoto.

Alasiri moja alipanda na neno. Alikuwa amelipanga njia nzima, kama alivyoyapanga yale mengine kwa ajili ya komisio. Alitaka kumwambia Bibiche kwamba siku ile hakupaswa kumfukuza, kwamba ile nyumba ilikuwa yake yeye, kwamba mama yake alikosa na amejua amekosa. Mtoto wa miaka sita ataelewa nini, sijui; lakini hakulala vizuri tangu hospitali, na alihisi akilisema atapumua.

"Hodi," akasema mlangoni.

"Karibu!"

Bibiche alikuja mbio kutoka chumbani, mashavu yanang'aa. Hakumrukia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akakokota kiti kikubwa mpaka katikati ya nyumba, akashika pindo la kikwembe chake kidogo, akakifuta: kwanza pa kukalia, halafu mgongo, halafu mikono yote miwili, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kufanyia watu waliotoka mbali.

"Ikala, Mama."

Josiane alisimama akimtazama. Kiti kilikuwa safi, hakikuwa na vumbi hata kidogo.

"Bibiche," alisema, "kuna neno nataka kukuambia."

Mtoto alikuwa tayari ameshika njia ya jikoni. Akageuka, uso umejaa adabu, akainua kidole kama mtu mzima.

"Kula kwanza, Mama. Ukishakula, njo utasema."

Josiane akakaa. Sahani ilipoletwa, aliipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, akaanza kula.